Kupunguza uzito kwa kutembea: kiasi kinachotosha na namna ya kukifikia

Mtu mwenye kilo 80 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mwili wake hutumia kalori zipatazo 140. Ukiondoa zile ambazo angezitumia hata kama angekaa kitini, faida halisi ya matembezi hayo ni kalori 100 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori zipatazo 7,700. Kwa hiyo anayetembea nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, bila kubadilisha kitu kingine chochote, atahitaji miezi mitatu na ushei ili apungue kilo moja, na hapo tumechukulia kwamba mwili hautazifidia kalori hizo kwa njia nyingine, ilhali mara nyingi huzifidia.

Nimeitanguliza hesabu hiyo kwa makusudi. Wengi wanaoanza mazoezi mwezi wa kwanza na kuyaacha mwezi wa pili hawaachi kwa uvivu. Waliahidiwa jambo ambalo nusu saa ya kutembea haiwezi kulitoa, na mizani inapogoma kushuka hujiona wao ndio wenye kasoro. Mazoezi mepesi yanasaidia kupunguza uzito, na kwa mtu mnene au mwenye umri mkubwa nayapendekeza kuliko kukimbia, lakini husaidia pale tu yanapofanywa kwa kiasi kikubwa kuliko kilichozoeleka na pale chungu cha nyumbani nacho kinapoguswa. Mwongozo huu unaeleza kiasi hicho, namna ya kukifikia bila kuumiza magoti, na mahali pa kupunguza chakula ili jasho lisipotee bure.

Mwendo unaohesabika

Kwenda dukani huku ukisimama kila hatua kumi kusalimiana na majirani ni jambo jema, ila si mazoezi tunayoyazungumzia hapa. Mwendo unaotakiwa ni ule ambao wataalamu huuita wa wastani: pumzi inaongezeka, mwili unapata joto, unaweza kuzungumza na mwenzako kwa sentensi kamili, lakini ukijaribu kuimba unakatika katikati ya ubeti. Ukiweza kuimba wimbo mzima wa taarabu bila kuhema, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza.

Asiyependa kipimo cha kuimba anaweza kuhesabu hatua. Tafuta sehemu iliyonyooka, tega simu dakika moja, kisha hesabu kila mguu unapogusa ardhi, wa kulia na wa kushoto. Hatua 100 kwa dakika ndio mwanzo wa mwendo wa wastani kwa watu wazima wengi. Anayejikuta na hatua 80 asijilazimishe kufika 100 siku hiyohiyo. Arefushe muda kwanza, na kasi itafuata yenyewe kadiri mapafu na misuli inavyozoea. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu anayetaka kwenda haraka kwa kutupa mguu mbali mbele yake, jambo linalomfanya agonge kisigino chini kwa nguvu na kuvuta misuli ya nyuma ya paja. Kasi nzuri hutokana na hatua fupi zinazopishana upesi, viwiko vikiwa vimekunjwa na mikono ikienda mbele na nyuma badala ya kukatiza kifuani.

Kuna imani mbili ambazo ni bora kuziondoa mapema. Ya kwanza ni ile inayochorwa kwenye mashine za jimu, kwamba mwendo wa polepole ndio "unaochoma mafuta". Ni kweli kwamba katika mwendo wa polepole sehemu kubwa zaidi ya nishati hutoka kwenye mafuta kuliko kwenye sukari, lakini nishati yenyewe inayotumika ni ndogo, na kinachoamua uzito mwisho wa mwezi ni jumla ya nishati iliyotumika ikilinganishwa na iliyoliwa. Ubora wa mazoezi mepesi uko mahali pengine: unaweza kuyafanya kwa saa nzima na kesho yake ukaamka bila maumivu, ukayarudia.

Imani ya pili ni ya jasho. Watu hujifunga nailoni tumboni au kuvaa koti zito kwenye jua la Dar es Salaam au Mombasa, kisha wakafurahia kuona mizani imeshuka kilo nzima jioni hiyo. Kilichopungua ni maji, nayo yatarudi kwa glasi chache tu. Kati ya Desemba na Machi, pwani inapokuwa na joto na unyevunyevu mwingi kwa pamoja, jasho halikauki vizuri mwilini na mtu aliyejifungia ndani ya nailoni anaweza kuzidiwa na joto hadi kuanguka. Vaa nguo nyepesi, tembea alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, na unywe maji. Ama kuhusu kulala chali na kukunja tumbo mara mia ili kitambi kiondoke, zoezi hilo huimarisha misuli ya tumbo, lakini halichagui mafuta yatolewe wapi.

Ni dakika ngapi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya afya kwa jumla, yaani moyo, sukari ya damu, usingizi na akili, na mtu asiyepungua hata gramu moja bado hupata faida zake. Kuhusu uzito peke yake, Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilieleza mwaka 2009 kwamba chini ya dakika 150 kwa wiki uzito hupungua kwa kiasi kisichoonekana, kwamba kati ya dakika 150 na 250 hupungua kidogo, na kwamba ni zaidi ya dakika 250 ndipo tofauti inapokuwa ya maana. Dakika 250 ni sawa na dakika 50 kwa siku tano. Hiyo ndiyo shabaha ya mtu anayetaka mizani isogee, wala haifikiwi wiki ya kwanza.

Wengi watauliza juu ya hatua 10,000 kwa siku. Idadi hiyo haikutoka maabara. Ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na ikaenea kwa sababu ni namba ya mviringo inayokumbukwa kwa urahisi. Si mbaya kuifuata, ila anayefikisha 7,000 kwa mwendo wa kuhema amefanya zaidi kuliko anayefikisha 10,000 kwa kuzungukazunguka jikoni na uani.

Ratiba ninayoipendekeza kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu ni kuanza na dakika 15 kwa siku tano za wiki, akitembea polepole dakika tatu za mwanzo na tatu za mwisho. Kila wiki aongeze dakika tano, hadi afikie 50 baada ya miezi miwili hivi. Wiki ambayo magoti yanalalamika, arudie kiwango cha wiki iliyotangulia badala ya kupumzika kabisa. Kwa mwenye uzito mkubwa sana, ambaye hata dakika 10 zinamuumiza magoti au nyonga, maji ni rafiki: kutembea baharini maji yakiwa kifuani, penye ufukwe salama, hupunguza mzigo kwenye viungo kwa kiasi kikubwa ilhali misuli inaendelea kufanya kazi. Baiskeli katika mtaa usio na magari mengi nayo inafaa.

Si lazima dakika zote ziende kwa mkupuo. Aliyegawanya siku yake katika matembezi matatu ya dakika 15, kila moja baada ya mlo, amepata dakika 45, na amepata faida nyingine ambayo anayetembea asubuhi tu haipati kwa kiwango hicho: misuli inayotembea baada ya kula huvuta sukari kutoka kwenye damu, hivyo sukari haipandi sana baada ya mlo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au aliye ukingoni mwake, hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya kuinuka mezani.

Mtu wa ofisini anaweza kushuka daladala vituo viwili kabla ya kwake, au kupanda ngazi badala ya lifti. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, vikundi vya joging vya mitaani ni msaada mkubwa kuliko vifaa vyovyote, hasa kwa wanawake ambao si salama kutembea peke yao alfajiri. Wengi wa wanachama wake hutembea tu nyuma ya wanaokimbia, na hakuna anayewacheka. Daraja la Tanzanite na ufukwe wa Coco huko Oysterbay, au Mama Ngina kule Mombasa, ni mahali ambapo mtu anayetembea kwa kasi hashangaliwi. Kitu kimoja nisichoshauri kubana matumizi juu yake ni viatu. Kandambili humlazimisha mtu abane vidole ili zisimtoke, na baada ya wiki chache unyayo huanza kuuma. Raba za mtumba zenye soli isiyolika upande mmoja zinatosha kabisa.

Funzo kutoka Ziwa Eyasi

Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa vyakula vya porini wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe hutembea sana kila siku, wanaume wakienda kuwinda na kutafuta asali, wanawake wakichimba mizizi na kuchuma matunda. Watafiti waliwanywesha maji yaliyowekewa alama ya kikemia na kupima mkojo wao kwa siku kadhaa, njia inayoonyesha nishati ambayo mwili umetumia kwa kweli. Walitarajia kukuta matumizi makubwa. Walichokuta ni kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe alitumia kalori takriban sawa na Mmarekani au Mzungu anayeshinda ofisini.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti, na unapozoea kazi nyingi hupunguza matumizi katika mambo mengine yasiyoonekana ili jumla isipande sana. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa fidia hiyo, na si kila mtu hufidia kwa kiwango kimoja. Kwa msomaji anayetaka kupungua, jambo hili linamaanisha kwamba hesabu ya kalori niliyoanza nayo ni kiwango cha juu kuliko atakachokipata kwa kweli, na kwamba asipogusa chakula anategemea upande ulio dhaifu zaidi. Fidia nyingine inaonekana kwa macho: aliyetembea asubuhi hushinda amekaa, humtuma mtoto kila kitu, na jioni hujiongezea chapati kwa sababu "leo nimefanya mazoezi".

Chungu, chupa ya mafuta na kikombe cha chai

Hapa ndipo penye uzito wa jambo, na panastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko raba na saa.

Anza na mafuta ya kupikia, maana ndiyo yanayofichika zaidi. Katika nyumba nyingi mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa au dumu, na mpishi husimama anapoona sufuria imeng'aa. Jaribu siku moja kumimina kiasi kilekile ulichozoea, lakini ndani ya kikombe kwanza. Si ajabu ukakuta mchicha wa watu watano umepikwa kwa nusu kikombe. Nusu kikombe cha mafuta ni kalori 1,000 hivi, yaani 200 kwa kila mlaji, kabla hujahesabu ugali wala samaki. Mchicha uleule ukipikwa kwa vijiko vitatu vya chakula, ambavyo ni kalori 360, kila mlaji hupata 72 tu. Tofauti ya kalori karibu 130 kwa mlo mmoja inazidi faida ya nusu saa ya kutembea, na hakuna aliyelala njaa. Nazi nayo ina mafuta mengi, hivyo mchuzi wa tui zito usikaangwe tena kwa mafuta ya chupa.

Kinachofuata ni sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, yaani kalori 16. Kikichotwa kwa kilima kinaweza kukaribia mara mbili yake. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, akishuka hadi kijiko kimoja kwa kila kikombe, ameokoa kalori karibu 100 kila siku. Ashuke taratibu, nusu kijiko kila wiki, na atashangaa kwamba baada ya mwezi chai ya zamani itamkera ulimi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina kalori zipatazo 125, na ajabu ni kwamba watu wengi huinunua wakiwa njiani kurudi kutoka mazoezini. Juisi ya matunda iliyokamuliwa na kuchujwa haina tofauti kubwa na soda kwa upande wa sukari. Kula chungwa lenyewe.

Kuhusu ugali, wali na chapati sina ushauri wa kuviacha, kwa kuwa aliyeacha ugali kwa wiki mbili huurudia kwa hasira. Punguza tonge, ongeza mboga za majani na maharage au samaki, ili nusu ya sahani iwe mboga. Chipsi mayai iwe chakula cha siku moja moja. Wanaofunga Ramadhani wanajua kwamba mwezi huo unaweza kumalizika kwa kilo za ziada, na sababu haiko katika kufunga bali katika kaimati, sambusa na vinywaji vitamu vya futari. Matembezi mepesi baada ya tarawehe ni wakati mzuri kwao kuliko kutembea juani wakiwa na kiu.

Kwamba njia hizi mbili zikiunganishwa hufanya kazi, ushahidi wake ni imara. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa katika makundi. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kubadili chakula na kufanya mazoezi kama kutembea kwa kasi kwa dakika 150 kwa wiki. Ugonjwa ulipungua kwa asilimia 58 katika kundi hilo, na kwa asilimia 31 kwa waliomeza dawa ya metformini, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kupima, na kutopima kupita kiasi

Panda mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji, chumvi na, kwa wanawake, hedhi, kwa hiyo anayejipima kila siku bila kulijua hilo hujitesa bure. Muhimu zaidi kwa anayetembea ni futi kamba, ile ya fundi cherehani. Izungushe tumboni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Hatari ya maradhi huanza kupanda mwanamume anapovuka sentimita 94 na mwanamke 80, na huwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88. Mazoezi ya kutembea hupunguza mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani ya tumbo hata wakati mizani haijasogea, na mara nyingi suruali ndiyo inayotoa habari kwanza.

Ongeza siku mbili za kuimarisha misuli, maana anayepungua kwa kubana chakula peke yake hupoteza misuli pamoja na mafuta. Inatosha kukaa na kuinuka kwenye kiti kigumu mara 10, kupumzika, kisha kurudia mara mbili zaidi, pamoja na kusukuma ukuta kwa mikono.

Baada ya kilo kupungua

Kwa maoni yangu hapa ndipo mazoezi mepesi yanapostahili sifa kuliko mahali pengine. Nchini Marekani kuna daftari la kitafiti lililoanzishwa mwaka 1994, linalowaandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi mno kati yao hufanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja hivi kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea. Watu hao walijiandikisha wenyewe, hivyo hawawawakilishi wote wanaojaribu, lakini picha hiyo inalingana na tafiti nyingine: chakula hushusha uzito, kutembea huuzuia usirudi. Ukifikia uzito uliouazimia, usipunguze dakika.

Wanaopaswa kumwona mtaalamu kabla ya kuanza ni wenye ugonjwa wa moyo, wanaopata maumivu ya kifua au kizunguzungu wakijitahidi, wenye shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, na wajawazito walioambiwa ujauzito wao una hatari. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani, kwa hiyo abebe pipi au sukari mfukoni, asitembee kabla ya kula, na kila arudipo akague nyayo zake kama kuna lengelenge. Uzito ukishaanza kushuka, dozi ya zamani ya dawa za presha au za sukari inaweza kuwa kubwa kuliko inavyohitajika. Dalili zake ni kizunguzungu unapoinuka, kutetemeka au jasho baridi. Usijipunguzie dawa mwenyewe. Andika vipimo vyako kwenye daftari kwa wiki mbili, uende nalo kliniki, na umwache daktari arekebishe dozi.